Kiti Chenye Mtu

Katika mkahawa wa Fundi Keung, pale mtaa wa Sham Shui Po, hakuna mtu anayeitwa kwa jina lake. Unaitwa kwa unachokula. Yuko Mzee Uji, yuko Mama Maandazi Mawili, na yuko bwana mmoja mnene aitwaye Utumbo wa Ng'ombe, akiitwa hivyo mbele za watu huitika bila kinyongo. Lau Yuk-ching, ambaye habari hii ni yake, alikuwa Miguu ya Kuku. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa meza ya kando ya nguzo akila kikapu chake kimoja cha miguu ya kuku ya mvuke, akipanga vifupa ukingoni mwa bakuli kama anayehesabu shanga, na hakuna aliyewahi kumuuliza alizaliwa kwa nani. Watu wa pale hawauoni huo kuwa ubaridi. Kwao ni adabu. Mtu amekuja kunywa chai, hakuja kuhojiwa.

Maisha yake yangetosha ukurasa mmoja, naye asingejali. Miaka thelathini na minne alifanya kazi kiwanda cha nguo, kazi ya kukata nyuzi zinazobaki kwenye mishono. Kiwanda kikahamia ng'ambo ya mpaka, akapewa ufagio wa kufagia ngazi za jengo la ghorofa kumi na mbili. Mumewe akafa kwa maradhi ya mapafu. Mwanawe wa pekee, Wing-hang, akaoa akahamia Tuen Mun, mwendo wa saa moja tu kwa basi, ila kwa alivyokuwa haonekani ungedhani amehamia mwezini. Kazi ya kiwandani ilimwachia Yuk-ching mkasi mdogo ndani ya mkoba, na macho yasiyoweza kuona uzi unaning'inia yakatulia.

Aliyekaa naye meza moja alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye koti la kijivu kiangazi na masika. Mkahawa wote ulimwita Mikunjo Mitupu. Fundi Keung humimina uji mwepesi wa mchele kwenye sinia, anausukuma ndani ya mvuke, kisha anaukwangua ukiwa laini kama shashi, anaukunja, anaukata kwa mkasi. Wengine hutiliwa kamba wa baharini ndani, wengine nyama. Mzee huyu alikula mikunjo isiyo na kitu, mchuzi wa soya kidogo, ufuta mwingi.

Kila asubuhi alisimama mbele ya kiti kile kile akauliza swali lile lile, kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Hapa kuna mtu?"

"Hakuna. Karibu."

Kisha Yuk-ching angesuuza mabakuli ya wote wawili kwa chai ya kwanza, angemmiminia kikombe, na mzee angegonga meza kwa vidole viwili, ko-ko, ndiyo shukrani yake. Basi. Siku nyingine walisema joto limezidi. Siku moja, mwaka wa tano au wa sita, Yuk-ching alishindwa kuvumilia uzi wa mkono wa koti lake. Akatoa mkasi, akaukata bila kuomba ruhusa. Mzee aliutazama mkono wake, akagonga meza, ko-ko, akaendelea kula. Kwa wiki nzima baada ya hapo Yuk-ching alifagia ngazi akitabasamu peke yake kama msichana, halafu akajikemea.

Sasa sikiliza lililomharibia usingizi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano Wing-hang alipiga simu. "Mama, kesho nakuja tunywe chai wote. Niwekee kiti." Miezi minane hawajaketi meza moja. Jumapili Yuk-ching alifika mapema akiwa amechana nywele kwa maji, akaweka mkoba wake juu ya kiti cha pili. Mkahawa ulijaa hadi watu wakala wamesimama. Mzee akaja, akasimama pale pale pake.

"Hapa kuna mtu?"

"Kuna mtu," alisema Yuk-ching.

Mzee aliutazama mkoba. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasogea karibu na friji ya vinywaji akangoja kiti kingine kipatikane. Hakikupatikana. Akatoka. Pale mlangoni aligeuka akakitazama kile kiti, bado kina mkoba tu, na macho yao yakakutana. Yuk-ching angeweza kumwita. Angeondoa mkoba, na mwanawe akija akae hata juu ya ndoo. Aliyashusha macho kwenye miguu ya kuku.

Saa nne simu ililia. Wing-hang alisema mtoto ana homa, wiki ijayo labda. Kiti kile kilikuwa kimekaliwa na mkoba asubuhi nzima.

Na saa nne hiyo hiyo mzee alikuwa ameshakufa. Aliangukia kituo cha basi mbele ya soko la matunda, hatua mia mbili kutoka mkahawani. Habari ililetwa na mpakuzi wa machungwa. "Yule mzee wa koti la kijivu. Moyo. Gari la wagonjwa lilikuta ameshakata roho."

"Alikuwa ametoka kula hapa?" aliuliza mtu.

Fundi Keung aliinamia sinia yake. Yuk-ching aliutema mfupa aliokuwa nao mdomoni, na tangu siku hiyo kila chakula kilimkwama.

Kwa maana kwao kufa ni jambo moja, kufa na njaa ni jambo jingine. Aliyekufa hajala huzunguka huko aliko na tumbo tupu, mdomo wazi, mwaka hata mwaka, mpaka wa kwake ampelekee chakula. Na Yuk-ching ndiye aliyemnyima sahani ya mwisho, kwa ajili ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wake alikuja akaketi mezani naye.

Alianza kuagiza sahani ya pili. Mikunjo mitupu, ufuta mwingi, inawekwa mbele ya kiti cha mzee, inapoa, inakauka juu. Alilipia chai ya watu wawili. Akasuuza mabakuli mawili. Watu wakiuliza kama hapo kuna mtu alisema kuna mtu, na saa za msongamano hilo halikumfurahisha yeyote.

"Mama Miguu," alisema Bi Ngan, mgawa vikapu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pilipili yake. "Hicho kiti umekiposa? Tuandae harusi?"

"Niachie, Ngan."

"Nimekuachia mwezi mzima. Huli, unaitazama tu. Umebaki kama ufagio wako. Maiti mmoja anatutosha."

Yuk-ching hakumwambia kwamba juzi aliweka kiganja kwenye kiti kile akakikuta kina joto. Wala hakumwambia kwamba anapomimina chai kikombe cha pili husikia vidole, ko-ko, si mezani bali chini ya meza, kama mtu anayegonga kutoka chini. Bi Ngan angecheka, halafu asingekuja tena upande ule wa nguzo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwezi wa saba wa kalenda yao ya kale ulikuwa unakaribia, mwezi ambao wafu hufunguliwa milango waje kula. Siku ya kumi na nne watu huwachomea wafu wao bahasha za pesa na nguo na chakula, vyote vya karatasi. Yuk-ching alikwenda duka la karatasi mtaa wa pili. Muuzaji alishika kalamu.

"Jina la marehemu?"

"Silijui."

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Silijui hilo pia. Alikuwa anakaa meza ya kando ya nguzo."

Muuzaji aliweka kalamu chini. "Mama, bahasha bila jina ni mfupa uliotupwa penye mbwa kumi. Huko kuna wengi wasio na mtu. Atakayewahi ndiye atakayekula."

Alimuuliza Fundi Keung. Alimuuliza Bi Ngan, na Utumbo wa Ng'ombe, na mpakuzi wa machungwa. Wote walijua kwamba mzee hakupenda mchuzi mtamu. Wote walijua alikula kwa mkono wa kushoto. Miaka kumi na mmoja, na jina hakuna. Hapo ndipo Yuk-ching aliichukia adabu yao yote.

Siku mbili kabla ya ile ya kumi na nne, asubuhi, mkahawa umejaa mvuke na kelele, sauti ya mwanamke ilisema juu ya kichwa chake.

"Samahani. Hapa kuna mtu?"

"Kuna mtu."

Mwanamke hakuondoka. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, kitambaa cheusi kidogo kimebanwa kwenye mkono wa blauzi. Aliitazama ile sahani ya mikunjo iliyopoa.

"Mama, wewe ndiye Miguu ya Kuku?"

Yuk-ching aliinua uso. Pua ile aliijua, na ule wembamba wa shingo. Aliivuta sahani kando, akakivuta na kiti, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, mtu mwenye mwili akakikalia.

"Baba yangu alikuwa anakula hapa," alisema mwanamke. "Mimi ni Lai-wah. Nakaa Foshan, ng'ambo ya mpaka. Nimekuja kumalizia mambo yake." Aliongea haraka, kama aliyeyakariri ndani ya treni. "Alikuwa anakutaja kwenye simu. Nilimwambia mara ngapi, baba, njoo ukae nasi. Anasema, nikija huko nani atanimiminia chai? Yuko mama mmoja huniwekea kiti. Hata pajae namna gani, kiti changu kipo."

Yuk-ching alishika ukingo wa meza.

"Hakuwahi kulijua jina lako," Lai-wah aliendelea. "Alisema ataona haya kuuliza, miaka imekuwa mingi."

"Lau Yuk-ching."

"Yeye aliitwa Yim Tak-sau."

Yim Tak-sau. Yuk-ching alilirudia bila sauti, mara tatu, ulimi wake ukalishika. Alichokitafuta alikuwa amekipata. Angeweza kunyamaza, akanywa chai, akaenda zake duka la karatasi. Lakini Lai-wah alikuwa ameinama mbele.

"Mama, nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Ile siku. Alikuwa ameshakula?"

Mkahawa haukunyamaza. Vikapu viligongana, Bi Ngan alimtukana mtu kuhusu birika la maji ya moto. Yuk-ching aliuona mlango, na mzee amegeuka, na mkoba juu ya kiti.

"Namwota kila siku," alisema Lai-wah. "Amesimama mlangoni kwetu, hasemi kitu, bakuli mkononi. Silali. Niambie tu kama alikula."

"Alikula," alisema Yuk-ching.

"Kweli?"

"Mikunjo mitupu. Sahani mbili. Siku ile alikuwa na hamu. Alisema ufuta wa leo umekaangwa vizuri." Maneno yalimtoka laini, moja likimvuta mwenzake, na kila moja lilimchoma lilipopita.

Kule kwenye mvuke kikwangulio kilikuwa kimesimama. Fundi Keung, ambaye anajua kila sahani aliyowahi kukata, alikuwa anamtazama Yuk-ching.

"Mbili," alisema. "Nilimkatia mwenyewe."

Lai-wah aliweka uso kwenye viganja akalia, kilio kifupi, cha mtu anayetua mzigo. Kisha aliomba chakula. Alikula mikunjo, akala sambusa za mvuke za kamba, akala na miguu ya kuku miwili ya Yuk-ching. Alikula kama aliyefunga.

"Mtawa wa hekaluni aliniambia," alisema akijifuta mdomo, "kama alikufa na njaa, nimpelekee chakula kila siku mwaka mzima, nisikose hata moja. Nimekuwa nampelekea, kwa kubahatisha. Kama alikufa ameshiba, zinatosha nguo na pesa za karatasi. Basi leo naacha. Asante, mama. Umeniondolea jiwe."

Yuk-ching alifungua mdomo. Neno la kweli lilikuwa pale. Akilisema, lingerudi Foshan pamoja na Lai-wah, lingesimama mlangoni na bakuli.

"Nenda ukalale, mwanangu," alisema, akatoa mkasi mdogo, akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kitambaa cheusi cha yule mwanamke.

Siku ya kumi na nne alichoma bahasha ndani ya bati nyuma ya jengo lake, mchana kweupe, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, na sahani ya mikunjo mitupu imewekwa kando. Karatasi ilishika moto vizuri. Alifikiri yameisha. Kesho yake aliketi kando ya nguzo, akaagiza miguu ya kuku, na mguu wa kwanza ukapita kooni bila kukwama.

Akamimina chai kikombe kimoja. Chini ya meza, vidole vikagonga.

Sahani moja ya mwezi wa saba, mtu aliyenyimwa chakula atashibaje? Na binti ameshaacha, tena anaacha kwa furaha. Duniani humu sasa ni yeye Lau Yuk-ching peke yake aliyebaki anajua kwamba Yim Tak-sau ana njaa, pamoja na Fundi Keung, na huyo hatasema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hii nyingine, ya juu ya ardhi, ilikuwa yake, na alikuwa ameichagua kwa mdomo wake.

Kijana mmoja mwenye kofia alisimama mbele ya kiti.

"Mama, hapa kuna mtu?"

"Kuna mtu," alisema. Alisuuza bakuli la pili, akamimina, akaitazama ile chai mpaka ikatulia. Halafu aligeukia mvuke. "Keung. Mikunjo mitupu."

Fundi alikuwa ameshaanza kukata.