Kuitoa Draiva ya Mizani

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai, upande wa Kiptere, kutengeneza kompyuta iliyokuwa inaganda. Ilikuwa na tundu moja tu la waya. Mchana lilitumiwa na mizani ya majani, jioni na printa ya risiti. Kwa hivyo kila jioni waliitoa draiva ya mizani, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na mizani, wakaweka ya printa. Kuna siku ikitolewa tu, kompyuta inakufa palepale na uzito wa wakulima unapotea.

Aliyekuwa akiitoa ni mama mmoja mpole wa pale ofisini. Makarani walisema ana mkono mbaya. Lisemwalo lipo, wakanong'onezana. Meneja naye alimwambia mbele ya wote kwamba ikiganda tena, arudi nyumbani. Huyo mama akaniletea chai na kuniomba msamaha, mimi mgeni, eti kwa kunisumbua. Nilimhurumia, halafu nikashikwa na hasira. Mkono mbaya! Upuuzi mtupu.

Nikaitoa ile draiva na kuirudisha asubuhi nzima, na haikuganda. Ndipo nikajiuliza, mbona mizani yangu ni tupu? Nikaweka gunia la majani juu yake, nikaitoa tena. Ikaganda.

Basi nikasoma programu yenyewe. Mzigo ukiwa juu ya mizani, draiva hujiwekea saa ya kuikumbusha kusoma tena baada ya kitambo kidogo. Ikitolewa, hakuna anayeizima ile saa. Saa inalia, kerneli, yaani moyo wa mfumo wote, inakimbilia programu iliyokwisha kuondolewa, na kila kitu kinaanguka. Mama alikuwa anabonyeza sawasawa. Ila siku za majani mengi meneja hupiga kelele anataka risiti, na mama anaitoa draiva majani ya lori la mwisho yakiwa bado juu ya mizani.

Nikaitengeneza ifuate utaratibu: kwanza ikatae kazi mpya kutoka kwa mizani, izime saa, ingoje kazi iliyokwisha kuanza imalizike, ndipo itoke. Nilimweleza meneja kwamba hata nyumbani kwake hawatoi viti wageni wakiwa bado wanakunywa chai. Akacheka, akasema sawa, nikamwambie mama aendelee na kazi.

Nikakataa.

"Ulimsema mbele ya watu," nikamwambia. "Msafishe mbele ya hao hao."

Alinitazama mpaka nikadhani kazi yangu imeisha. Kisha akatoka, akasimama katikati ya makarani. "Mama, ile kompyuta ndiyo ilikuwa na makosa. Si wewe. Pole."

Mama akatazama vidole vyake.

"Asante," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi."