Goti la Mama Vimla

Mwalimu Trilochan Dobhal alikuwa amestaafu shule, lakini mdomo wake ulikataa kustaafu. Kila alfajiri, juu ya paa bapa la nyumba yake huko Rishikesh, aliwapanga majirani kwenye mikeka ya yoga na kuwakunja kama mashati. Wakianza kuguna, aliwaambia, "Goti linauma, sawa. Wewe huumwi. Wewe ni mtazamaji tu. Litazame." Wakayatazama magoti yao huku machozi yakiwalenga.

Mwenye goti bovu kwelikweli alikuwa mkewe, Sateshwari. Tangu msimu wa mvua alikuwa akiomba apelekwe Dehradun kwa daktari wa mifupa, na kila akiomba daktari, alipewa falsafa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Mama Vimla, mwili ni nguo tu. Nani hulia kwa sababu nguo imechanika?"

"Aliyeivaa kwenye baridi," alijibu mkewe.

Jioni moja Mwalimu alirudi kutoka kwenye sala kando ya mto Ganga, njaa imemkaba, akakuta jiko limepoa. Sateshwari alikuwa kitandani, mguu kaunyoosha, macho kayafumba nusu.

"Chakula kiko wapi?"

"Mikono ndiyo hupika, Baba Vimla. Leo imegoma. Mimi naitazama tu."

"Acha utani. Nina njaa!"

"Tumbo ndilo lina njaa. Litazame."

Tusimsingizie, alijaribu. Alikaa, akakunja miguu, akalitazama tumbo lake, nalo likamngurumia. Pengine angeshinda, ila jirani alikuwa anakaangia dengu bizari kwenye samli, na dirisha lilikuwa wazi.

Akaingia jikoni mwenyewe. Unga ulimganda hadi kwenye viwiko, na chapati ya kwanza ilitoka na pembe. Haidhuru. Ikabaki kuiivisha juu ya moto wazi ili ivimbe. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemwona mkewe akizigeuza motoni kwa vidole vitupu, akadhani vidole vya binadamu vimeumbiwa hivyo. Akaingiza vyake.

"Mama yangu wee! Nimeungua!"

Sauti ikatoka chumbani, tulivu kabisa. "Nani?"

"Mimi! Mimi, Trilochan, mimi mzima!"

Sateshwari alicheka mpaka akashindwa kupumua. Kisha akaja, akijishika ukutani, na Mwalimu akausikia mguu ule ukiburutika sakafuni. Haikuwa mara ya kwanza mguu huo kuburutika. Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu kuusikia. Mkewe akamtia vidole kwenye maji baridi, na hapo akaona ncha za vidole vya mkewe zilivyokauka, nyeusi na ngumu. Aibu ikamshika.

"Na wewe huwa unaungua?"

"Kila siku."

"Mbona huniambii?"

"Nikikwambia, utanifundisha."

Alfajiri majirani waliukuta mlango wa ngazi umefungwa. Walisikitika kidogo, wakarudi kulala kwa furaha. Mwalimu alikuwa kwenye basi la kwanza la Dehradun, vidole vimefungwa kitambaa, na bega lake limekuwa mto wa mkewe.

Daktari aliwatazama wote wawili. "Haya, nani anaumwa?"

"Mimi," alisema Sateshwari.

Mwalimu, aliyekuwa na jibu la kila swali duniani, alimshikia mkoba tu.