Majina Kwenye Mkono wa Mama Ekisa

Siku ya kwanza kazini sikugusa ngozi ya mtu. Mama Fundi, ndivyo soko lote la Busia lilivyomwita, alinipa sindano tatu za kushonea na uzi, akaniambia nizifunge pamoja, ncha zikae sawa. Nilifunga, akafungua. Nikafunga tena, akafungua. Jioni akasema, "Sasa angalau hutamchana mtu."

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Nyinyi vijana mnasema tatuu. Sisi tulisema michoro. Chale ilikuwa kazi nyingine, ya wembe, na waliozichanja walikuwa wazee. Wino wetu ulikuwa masizi ya koroboi, ile taa ndogo ya mafuta, tuliyoyakwangua kwenye kipande cha bati na kuyachanganya na maji yaliyochemshwa. Unaandika jina kwa kalamu kwanza, halafu unadunga polepole ukifuata mstari, unapangusa damu, unadunga tena. Wengi walitaka jina tu: la mchumba, la mtoto, la marehemu.

Kilichonishangaza ni kwamba walirudi. Nilimuuliza Mama Fundi kwa nini mtu aliyelia kwa sindano anakuja kudungwa tena.

"Mimi nachora tu," akasema. "Waulize wenyewe."

Nilipoiva alinituma Malaba nifungue kibanda changu. Msimamizi wa soko akaniweka kando ya wauza maharagwe, na jirani yangu akawa Mama Ekisa, mama mcheshi aliyetoka Angurai. Mkono wake wa kushoto tayari ulikuwa na jina la kifungua mimba wake, Ekisa. Hatujazoeana vizuri, akaniletea mkono huo huo.

"Niwekee Akello, wangu wa pili, hapo chini. Ananuna kila akiniona nanawa."

Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto wa tatu, Amoit, ambaye hakumzaa. Alimkuta karibu na mpaka akilia, amepotezana na watu wake wakati wanakimbia kutoka Uganda. Siku moja Amoit alikuwa akichambua maharagwe, akausoma ule mkono.

"Mama, mimi utaniweka wapi?"

Mama Ekisa alinitazama. Lakini mumewe, aliyekuwa hamali wa kupakia malori, alikataa. "Huyu ana kwao," akamwambia mbele yangu, kwa upole. "Watakuja siku moja, na wewe utabaki na jina la mtoto wa watu."

Walikuja kweli. Shangazi yake alitoka Tororo, amemtafuta soko kwa soko mpaka amechakaa. Amoit alimtambua kwa mbali akamkimbilia. Mama Ekisa alimfungia nguo zake kwenye leso, akamsindikiza hadi mpakani, akarudi akaketi. Wateja walipouliza bei ya maharagwe, alikuwa akitazama barabara ya mpakani. Nilimuuzia mimi.

Asubuhi yake akanyoosha mkono. "Andika Amoit."

Nilikuwa katikati ya jina mumewe alipotokea. Nikasimamisha sindano, nikijua ugomvi umefika. Akaketi kwenye benchi, akakunja shati mpaka begani. Mkono wake haukuwa na mchoro hata mmoja.

"Ukimaliza huyu, unichoree na mimi."

"Jina gani, Baba Ekisa?"

"Hilo hilo."

Nilipomdunga aligeuza uso upande wa barabara, machozi yakamtoka. Tukakubaliana wote watatu kwamba ni sindano.

Wiki iliyofuata akarudi, amekunja shati tayari. "Niwekee Ekisa na Akello," akasema akicheka. "Nyumbani hakukaliki. Wanasema eti nina mtoto mmoja."

Niliacha kazi macho yaliposhindwa kuiona ncha ya sindano. Siwezi kusema najua kila kinachowarudisha watu. Wako waliopenda kuonekana, wako waliopenda tu kukaa wakishikwa mkono na kuongeleshwa. Ila wengi niliowachora walikuja wakikusudia jina moja, kisha wakashindwa kuishi na lile moja peke yake.

Kabla sijaacha, Amoit alikuja Krismasi kumtembelea mama yake wa Malaba, amembeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono. Mama Ekisa alikuwa amezeeka, mkono wa kushoto umejaa majina ya wajukuu, hauna tena nafasi. Aliwatazama wale watoto, akanigeukia na kukunja mkono wa kulia wa blauzi.

"Basi tuanze na huu," akasema.