Kunde Alizoniibia Mtani Wangu

Mtani wangu wa Kibuta hanipi nafasi ya kumwamkia vizuri. Nikisema shikamoo anaitikia marahaba upesi upesi, kama anayefukuza inzi, halafu papo hapo ananiuliza mzigo nimeutua wapi. Kwake yeye Mzaramo, Mnyamwezi yeyote ni mpagazi aliyeshuka pwani na pembe za ndovu begani, akaonja nazi, akasahau njia ya kurudi kwao. Mimi nilishuka kwa basi. Nimeajiriwa masjala katika ofisi moja ya Kibaha, nyumbani kwangu ni Tangini, na sijawahi kubeba kichwani kitu kizito kuliko kikapu cha sokoni. Haidhuru. Ninamjibu kwamba mzigo nimeuficha, maana Mzaramo akiuona ataubadilisha kwa ngoma, na tangu hapo siku yetu inakuwa imeanza.

Shamba lake na langu huko Kibuta yanapakana. Katikati pana mikorosho michache ambayo kila mmoja wetu anadai ni yake, ingawa korosho zenyewe tunaokota wote. Yeye ni mjane, ana umri wa kunizaa, na alizaliwa palepale. Mimi ni mgeni wa Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa. Asiyejua utani akitusikia tunavyosemezana anaweza kwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji aje kuamua ugomvi.

Kitu nilichokipeleka kwenye shamba lile kilikuwa kimoja tu chenye maana kwangu. Mama yangu alipofariki kule kwetu Unyamwezini, ndugu waligawana ng'ombe na mabati, mimi nikaomba kibuyu chake cha kunde. Walinicheka. Zilikuwa kunde ndogo, rangi ya udongo mwekundu, zenye jicho jeusi, za aina inayotambaa na kuzaa majani mapana. Majani hayo mama alikuwa akiyachemsha, anayaanika mpaka yakauke kabisa, na kiangazi anayapika kwa karanga. Sisi tunaita nsansa. Mtu aliyekulia mboga hiyo hata umpe biriani atakula, atashukuru, na moyoni bado atakuwa na njaa.

Kaka zangu walishahamia kwenye tumbaku na alizeti. Majirani wa nyumbani walikuwa wananunua mbegu za dukani, za kunde nyeupe zinazosimama wima kama askari. Nilipiga simu huku na huku, hakuna aliyebaki na zile za mama. Kwa hiyo zilizokuwa kibuyuni ndizo zilizokuwepo duniani, kwa kadiri nilivyoweza kujua. Zilikuwa zimekaa muda mrefu na nilihofia zitakufa humo humo, nikazipanda zote kwa mkupuo, pembezoni nikatia mistari ya soya ya kujaribu.

Zikaota vizuri. Nikafurahi kama mtu aliyepewa habari za mama mwenyewe.

Halafu wakaja wenye shamba. Wa kwanza walikuwa vidukari, vile vidudu vyeusi vinavyojipanga kwenye shina changa mpaka shina lenyewe halionekani, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wachungaji wao. Majani yakaanza kujikunja. Mtani wangu alisimama upande wake wa mikorosho, akashika kiuno, akatazama kwa muda.

"Hawa hawakuwepo hapa," alisema. "Wamesikia Mnyamwezi kaja, wamekuja kupokea mzigo."

"Hawa ni Wazaramo," nilimjibu. "Huoni hawafanyi kazi, wanakula tu na kuzaana?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipoinuka alikwenda kwake akarudi na ndoo ya maji ya sabuni, tukaanza kunyunyizia mstari mmoja baada ya mwingine kwa fagio la chelewa. Dawa ya dukani sikuitaka, kwa sababu kunde za mama ni za majani, na ukipiga sumu leo huwezi kuchuma mboga kesho. Tuliponda pia majani ya mwarobaini, tukayaloweka, tukanyunyizia maji yake machungu. Vidukari vikapungua, sehemu nyingine vikaisha kabisa.

Maua yalipochanua wakaja viwavi, wanaoingia ndani ya ua na kulishona kwa nyuzi zao kama fundi cherehani. Maganda yalipoanza kujaa wakaja kunguni, siyo wa kitandani bali hawa wa shambani, wa kahawia, wenye kunuka vibaya. Wanachomeka mdomo kwenye ganda na kunyonya kunde ingali maziwa, ukija kufungua unakuta kitu kimesinyaa kama sikio la kizee. Nilipiga picha nikamtumia bibi shamba wa kata, naye akaniambia niwaokote alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, maana wakati huo wamezubaa na hawaruki. Soya nayo viwavi wa majani waliigeuza chekeche. Kwa soya nilisema bismillah wale, mimi siyo mama wa kila mmea.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na asubuhi zile nilikuwa natukana. Niliwatukana kunguni kwa Kiswahili, nikimaliza naendelea kwa Kinyamwezi. Mtani wangu alikuwa anakuja na kopo lake lenye maji ya sabuni bila kuitwa, anaokota mstari wa jirani na wangu, na kila nikitukana ananisahihisha, ananiambia tusi hilo halina nguvu, jaribu hili. Siku za katikati ya wiki nilipokuwa masjala, alikuwa anaokota peke yake. Hilo hakuniambia. Nililijua kwa kuona Jumamosi kunguni wamekuwa wachache kuliko nilivyowaacha, na njia ya nyayo ndogo katikati ya mistari yangu.

Nikavuna. Siyo sana, kunde za kujaza debe na kidogo juu yake, lakini zilikuwa zile zile, nyekundu, na jicho jeusi. Nilizianika juu ya turubai uani kwa mtani, kwa kuwa uani kwake hakuna kivuli. Wakati nazigeuza, alikuja akatandika kanga yake, akachota kunde kwa mikono miwili, akachota tena, akafunga fundo.

"Unafanya nini?"

"Nakuibia," alisema. "Tena mchana kweupe. Kamshitaki mtani wako kwa jumbe."

Wanaojua utani wanajua kwamba hapo sina la kusema. Mtani akikuibia huruhusiwi kununa, na ukinuna umepigwa mara mbili. Nilicheka kwa mdomo. Moyoni niliumia, kwa sababu angechukua kuku, angechukua hata jembe, ningeona sawa. Nilimwambia akazipike kwa tui lake la nazi, ajifunze ladha ya watu wanaofanya kazi. Nilijua kabisa kwamba nimelilisha sufuria la Mzaramo, na zimekwisha.

Zilizobaki nilizitia kwenye kiroba kipya, nikachanganya na majivu, nikakifunga na kukiweka stoo Tangini, juu ya matofali ili unyevu usikifikie. Nikajiona nimemaliza kazi. Miezi ikapita. Nilikuwa nikipita stoo nakipapasa kile kiroba kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala, kisha naendelea na shughuli zangu.

Mvua za kupanda zilipokaribia nilikifungua. Kilikuwa na joto ndani, hilo ndilo lililonishtua kwanza. Kisha nikaona unga. Kisha vikatoka vidudu vidogo vya kahawia, vingi, vikanipanda mikononi bila haraka, kama watu waliokuwa nyumbani kwao na mgeni ni mimi. Fukusi. Niliimwaga ile mali kwenye ungo nikaanza kuchambua, na kila kunde niliyoishika ilikuwa na tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa kusudi la kupitisha uzi. Nyingine zilikuwa na matundu mawili. Zilikuwa nyepesi mkononi kama maganda ya karanga. Zimebunguliwa zote. Bibi shamba alinieleza kwenye simu kwamba fukusi hawa hawaji stoo, tunawabeba wenyewe kutoka shambani, mayai yao yakiwa yamegandishwa kwenye ganda tangu kunde ziko juu ya mmea, na majivu yangu yalikuwa machache mno. Aliongea kwa upole. Mimi nilikuwa sisikii, nilikuwa namwona mama akifunga mdomo wa kibuyu kwa gunzi la hindi.

Niliotesha nyingine kwenye kopo, za kujaribu bahati. Zilioza.

Jumamosi nilikwenda Kibuta mikono mitupu. Sikuwa na cha kupanda, lakini kubaki Tangini na ule ungo kulinishinda. Mtani wangu alikuwa anapalilia mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mzigo uko wapi, nikamwambia mzigo umeliwa na fukusi.

"Loo! Mnyamwezi kafunga mlango na wezi akawaacha ndani," alisema, akaanza kucheka. Kisha akanitazama usoni akaacha. Nilikuwa nalia. Mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, nalia katikati ya mihogo ya watu kwa sababu ya kunde. Nikamwambia yote, habari za kibuyu na za mama, ambazo kwa miaka yote ya kutaniana sikuwahi kumwambia, kwa sababu watani hawaambiani mambo ya namna hiyo.

Aliweka jembe chini, akaingia ndani. Nilisikia vyombo vikihamishwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia dumu la mafuta ya kula, la njano, kizibo kimekazwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Akalitikisa. Lililia kavu, shwaa shwaa.

"Nilionja kidogo," alisema. "Hizi ndizo nilizobakiza. Panya wangu ni washenzi, ndiyo maana nikazitia humu."

Alimimina kwenye kiganja changu. Zilikuwa zinang'aa kwa mabaki ya mafuta yaliyokuwa dumuni. Nilizigeuza moja moja. Nyekundu, jicho jeusi, nzima. Hakuna hata moja yenye tundu. Ni mafuta, au ni kule kukosa hewa, bibi shamba baadaye alisema ni vyote viwili. Mtani wangu yeye alikuwa anapambana na panya tu, habari za fukusi hakuwa nazo.

"Ulikuwa unaziweka za nini?" nilimuuliza, kwa kuwa upande wake wa mikorosho hajawahi kupanda kunde.

"Za msiba wako," alijibu.

Nilidhani ni utani, na ulikuwa utani. Lakini mtani ana kazi zake msibani, na yeye alikuwa amezifikiria. Alisema mimi sina ndugu huku pwani. Siku nitakapokufa hapa, wenyeji watapika wali na nazi, wale washibe, waondoke, na hakuna atakayejua kwamba marehemu alikuwa hapendi nazi. Akasema jambo hilo lilimkaa rohoni tangu nilipomtukania tui lake mara ya kwanza. Kwa hiyo aliiba kunde za kwetu, ili siku hiyo walau sufuria moja liwe la kwetu.

Nilimwambia asante. Nilijua haifai, nikasema tena: asante mama, Mungu akulipe.

"Asante ya nini?" Alikuwa amekasirika kweli, au alijitahidi kukasirika. "Nimeiba, nimerudisha. Mwizi anashukuriwa? Wewe Mnyamwezi unataka kuniharibia utani wangu."

Nikalipokea dumu. Lakini humu kwenye maandishi, ambamo hawezi kunikatiza, nitasema ninavyotaka. Ninamshukuru kwa kila kunguni aliyemwokota mimi nikiwa kazini. Ninamshukuru kwa kunisahihisha matusi. Nimeishi Kibaha miaka mingi, nimefanya kazi na watu wema wanaoniuliza habari za nyumbani kila asubuhi, na aliyewahi kukaa chini akafikiria nitazikwa na chakula gani ni huyu mwizi mmoja. Mama yangu alinipa mbegu akiwa amenizaa. Huyu alinipa hizo hizo akiwa hana deni lolote kwangu.

Tulizipanda siku ileile, yeye akichimba vishimo kwa jembe lake mimi nikidondosha, mbili mbili, ardhi ikiwa bado na ubichi wa mvua ya jana. Tulipofika mwisho wa mstari dumu lilikuwa tupu. Alilipindua, akaligonga makalio, hakikutoka kitu. Akasimama kidogo, mkono kiunoni, akiutazama udongo uliofukiwa.

"Basi," alisema. "Usife mpaka zikomae, maana sina kingine cha kukupikia."