Kwikwi ya Mpika Mbege

Mpika mbege wa pale Mkuu alirudi kutoka India na kifaa cha kuendesha moyo, kimeshonewa chini ya mtulinga wa kushoto, kikubwa kama kiberiti. Mektrida, mke wa mwanawe, aliyemchochelea moto wa pombe hiyo ya ndizi kila asubuhi, alishayazoea mabaki ya upasuaji ule: mkono wa kushoto uliobanwa ubavuni kana kwamba kwapani mna yai, simu iliyohamia mfuko wa kulia, nyama ya kifua iliyorukaruka yenyewe chini ya shati hata mzee akisinzia. Kwikwi ndiyo hakuizoea. Daktari alisema itaisha, nayo iliendelea kuja bila chakula wala maji, moja, kavu, kama mtu anayeitika kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa kufuli.

Kabla ya kuonja, mzee alifanya ishara ya msalaba, kisha akawamwagia kidogo baba zake waliolala pale migombani. Hayo ni ya siku zote. Ila tangu arudi alimwaga mara mbili, na ile ya pili aliimwaga kando, akiwa ameyapa makaburi mgongo.

“Baba, hiyo nyingine ni ya nani?” Mektrida aliuliza siku moja.

Mzee alipangusa mdomo wa kata kwa kidole gumba.

“Ya huyu mgeni,” alisema, akigusa kifua. “Wale wananiita kila siku, mwanangu. Huyu ndiye anayewaambia sipo.”

Kwikwi ikaja. Mektrida akageuka kuyatazama makaburi, aone kama wamesikia.