Ngoro zangu zisizo na majani

Wale mliosifia picha za shamba langu juzi, naomba mfute yale maneno.

Mimi si Mmatengo, nimeolewa tu huku Kitura. Msimu mzima uliopita mama mkwe alinipa kazi moja: kulaza majani.

Huku milimani wanachimba ngoro, mashimo ya kushika maji ya mvua. Kingo zake ni udongo uliorundikwa juu ya majani yaliyofyekwa na kulazwa.

Nilichoka. Mwaka huu nikaomba kipande changu, hapo kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yetu. Majani nikayachoma, nikachimba mashimo yamenyooka kama ya wazoefu.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi.

Mama mkwe amekuja na mwavuli wake. Ngoro zake zimetulia. Zangu zinavuja kwa chini, maji mekundu, na kingo zinalegea moja baada ya nyingine.

Nikasubiri anigombeze. Jamani, bora angenigombeza.

Amegeuka tu, akatazama paa letu kule chini, akaniambia:

"Mama Neema, mwite mumeo. Toeni vitanda."

Tumeshatoa viwili. Mvua haijakata.

Mlio karibu, msiandike pole. Njooni.