Diski Inayochelewa Kuitika

Saa mbili asubuhi, mlangoni mwa chumba cha kompyuta za hospitali, Mama Waya amesimama mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Leo anayewasha mtambo ni muuguzi wa picha za mifupa.

"Nikiuunguza, utanikana?" muuguzi anatania.

"Bonyeza, shoga. Hauumi."

Mama Waya, fundi wa kompyuta na mjane mwenye binti mmoja, ameulea mtambo huo miaka sita. Ni kompyuta moja kubwa iliyobeba nyingine ndogo ndogo tumboni, na mojawapo hutunza picha za mifupa. Programu ya usimamizi ndiyo huziamsha na kuzigawia diski, ghala za picha hizo.

Balaa ni umeme ukikatika na kurudi. Siku nyingine picha zinafunguka vizuri. Siku nyingine patupu, na wagonjwa wanarudi nyumbani na maumivu yao.

"Ni kama mwalimu anaita majina, mtoto bado anavua viatu mlangoni," Mama Waya anaeleza. "Anaandikwa hayupo. Akiingia, anakaa kutwa na hakuna anayemhesabu."

Kiini cha mfumo, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, ndicho hutangaza kwamba diski imefika, ila programu ilikuwa ikiuliza kabla ya tangazo. Mafundi wakaiwekea muda wa kungoja. Diski zilipoongezwa, muda haukutosha, wakaurefusha, wapi!

"Tulikuwa tunakisia tu," anasema, akicheka kidogo.

Aliyejua kuubembeleza mtambo kwa mkono ni yeye peke yake, basi hakwenda mbali. Binti yake mjamzito anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapo.

"Hata harusini kwake niliondoka kabla ya kupigwa picha, simu ya hospitali iliniita. Na huyu mjukuu naye nimkose?"

Ndipo alipoandika maagizo mapya: programu isikisie muda, isubiri tangazo la diski yenyewe.

Muuguzi anabonyeza, taa zinawaka. Mguu wa Mama Waya unasogea mbele, anaurudisha.

"Mfupa wa paja huu hapa!" muuguzi anapaza sauti. "Mzima!"

"Zima. Washa tena."

"Ah, mama wewe, huridhiki!"

Anazima, anawasha. Picha inarudi. Mama Waya anashusha pumzi, anatoa simu.

"Mwanangu, nakuja Jumamosi. Nakaa mpaka unichoke."

Upande wa pili binti anauliza: "Na mtambo wako, mama?"

"Una watu wake. Wewe nitandikie kitanda."